Kitubio cha Watu Watatu

Chebet, na wewe Brayan, na yule mwenzenu wa miwani ambaye jina lake lilinipita, habari zenu. Jumapili mlinisimamisha nje ya kanisa mvua ikianza, mkaniuliza: "Mama Felista, ukimtafsiria mtu akiungama, si unaweza angalau kusema kitu kizuri alichosema?" Niliwaambia hilo si swali la kujibiwa mtu akiwa ameshikilia mwavuli. Sasa nimeketi, nina chai, na nimeandika kwa mkono. Mjukuu wangu atapiga chapa, na nimemwonya asiongeze yake.

Nasikia mnajifunza lugha ya ishara ili viziwi wa parokia waweze kuungama kwa padri asiyejua ishara. Wueh, nilifurahi! Nilidhani kazi yangu ilikufa. Siku hizi mapadri ni watoto wetu wenyewe, wanajua Kikuyu, wanajua Kikalenjin, wanajua hata hiyo Sheng yenu ambayo mimi nikiisikia naona kama redio imeharibika. Lakini mimi nilikuwa mkalimani wa kitubio kwa miaka ishirini na miwili, Burnt Forest na vijiji vyake vyote, mpaka Kesses. Mzee anaungama kwa lugha yake, mimi napeleka kwa Kiswahili, padri anamshauri kwa Kiswahili, mimi narudisha. Watu watatu ndani ya kitubio kimoja. Wengi hawajui kwamba inaruhusiwa. Inaruhusiwa, mradi mwenye kuungama ametaka mwenyewe, na sheria ya Kanisa inamfunga mkalimani mdomo.

Nitawapa ninayoyajua, na nitawaambia pia vile nilivyompoteza rafiki yangu Nyambura kwa kazi hiyo. Sikumpoteza kwa kusema. Nilimpoteza kwa kunyamaza, na ndiyo maana swali lenu lilinikosesha usingizi wa mchana.

Mimi ni Mkalenjin, na mtajiuliza Kikuyu nilikipata wapi. Shamba letu lilipakana na la kina Nyambura. Tulikuwa watoto wa rika moja, hatukuachana, na jiko la mama yake lilikuwa na joto kuliko letu. Mama huyo tulikuja kumwita Cucu, yaani nyanya kwa lugha yao, ingawa wakati huo hakuwa na mvi hata moja. Cucu hakunipa githeri, yale mahindi yao ya kuchemsha na maharagwe, mpaka niiombe kwa Kikuyu. Nikikosea ananirudisha mlangoni nibishe hodi upya, niombe upya. Nyambura alikuwa anakaa nyuma ya mama yake ananitolea majibu kwa midomo, bila sauti. Nilijifunza haraka, njaa ni mwalimu asiyechelewa darasani.

Halafu tukapata Fadha Benedikto, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili huko Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa sanifu mno hata wazee wetu walidhani anaongea Kizungu. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakufa bila kuungama vizuri, na mimi, karani wa ofisi ya parokia, nilikuwa na lugha zote. Akaniita. Ndivyo nilivyoanza.

Haya, mambo ya kazi. Keti ubavuni, kidogo nyuma, usimtazame anayeungama usoni. Mimi nilikuwa natazama kifungo cha kanzu ya Fadha, cha nne kutoka juu, mpaka leo naweza kukichora. Usitie sukari. Mtu akitaja kitu kwa neno ambalo huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe wako, litamke. Yeye amejikaza akalitoa, wewe ni nani umwoshee? Usigunegune. Usikohoe mahali pabaya, kwa maana kikohozi cha mkalimani kinasikika kama hukumu. Watoto watolewe nje, watumwe kuni au maji. Kuku wanaweza kubaki.

Na nyinyi wa ishara, fungeni pazia! Mimi nilihangaika na masikio, nyinyi mtahangaika na macho. Mtu akiungama kwa mikono karibu na dirisha, yeyote anayejua ishara akipita huko nje amesikia yote. Nimewaza hilo usiku na mchana tangu Jumapili, na nashangaa hakuna aliyewaambia.

Nimkumbuke yule mzee wetu aliyekuwa hasikii vizuri. Hamtajua ni nani, msijisumbue. Ilikuwa msimu wa kuvuna, watu wamejaa uani wanapukuchua mahindi. Mzee akafunga macho, akajaza mapafu, na dhambi ya kwanza ikatoka kama anayenadi ng'ombe sokoni. Fadha aliinua kidole. Mzee hakuona, akaendelea. Nje, mikono yote ilisimama kupukuchua kwa wakati mmoja. Nilitoka mbio, nikawaambia, "Rozari! Sasa hivi! Kwa sauti!" Wakaimba Salamu Maria kama watu wanaofukuza nyani.

Tulipomaliza, Fadha aliwapanga uani. Walikuwa kumi na mmoja, mmoja wao broka wa viazi aliyekuja tu kuangalia mavuno. Akawaambia kwamba yeyote aliyesikia dhambi ya mtu katika kitubio, hata kwa ajali, amefungwa kama mkalimani. Broka akasema, "Lakini Fadha, mimi ni wa kanisa lingine." Fadha akamjibu, "Leo masikio yako ni ya Kikatoliki." Tulicheka hadi mwenye boma akatoa uji. Lakini niamini, kwa watu wale kumi na mmoja, huko kwetu ambako ukinunua mwiko mpya jirani anajua, sijawahi kusikia neno moja likirudi.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekosea mapema, na sikukosea kwa mdomo. Kulikuwa na kitu nilichokuwa nanunua kwa mtu fulani kila asubuhi. Tuseme maziwa. Hayakuwa maziwa, na msianze kuchunguza. Baada ya siku fulani nikaanza kununua kwingine. Sikumwambia mtu, nilipita tu upande ule mwingine wa barabara. Wiki haikuisha, Fadha akaniita ofisini.

"Felista, siku hizi maziwa unanunua wapi?"

Nikamwambia.

"Na zamani?"

Nikaanza kupanga karatasi za mezani.

"Umehubiri barabarani," akasema. "Mtu yule anakuona ukimpita kila siku. Alichomwambia Mungu sasa kina miguu, kinatembea mbele yake kimebeba kikapu." Alikuwa amekasirika mpaka shingo imekuwa nyekundu. Nilirudi kununua kulekule kwa miaka tisa, na kila asubuhi nikamsalimia yule mtu vizuri, na hata tukawa watu wa kutaniana. Lakini nilijishona mdomo kama gunia siku hiyo, na kumbe nilishona kupita kiasi.

Swali lenu sasa, la kusema kitu kizuri. Fadha alilijibu hivi: "Ukimwambia mmoja leo, 'Baba yako aliungama vizuri, alikutaja kwa upendo,' kesho mwingine atakuuliza, na wewe utanyamaza. Huko kunyamaza kutamwambia nini?" Basi mkiulizwa, mema au mabaya, jibu ni moja: sijui. Nilimbishia. Nikamwambia huo ni uongo, na amri ya nane iko palepale. Akasema hapana, niliyoyasikia pale sikuyasikia kama Felista. Felista akiulizwa ana lipi la kumpa mtu? Hana. Basi hajui, na amesema ukweli. Nilichukua siku kadhaa kulitafuna hilo, kisha likaniingia. Nimesema "sijui" mara nyingi maishani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa safi mbele ya Mungu.

Sasa nifike kwa Nyambura. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinijibu kwa simu, ujumbe wa neno moja: "Andika."

Nyambura alimfuata mwanaume mmoja hadi mji wa Soy. Aliondoka bila kuaga, baba yake akiwa amelazwa hospitalini, na baba akafa kabla hajarudi. Cucu alisimama mbele ya akina mama wote pale kisimani akasema mtoto yule hataingia nyumbani mwake yeye akiwa hai. Hayo si ya kitubio, yalisemwa mchana kweupe na kila mtu aliyebeba mtungi aliyasikia. Miaka minane ikapita. Nyambura alikuwa ananitumia salamu kupitia watu wa lori, na mimi nilikuwa nazipeleka kwa Cucu, na Cucu alikuwa anainama kuchochea moto kana kwamba sijasema kitu.

Cucu alipougua, Nyambura akarudi. Hakuruhusiwa kuvuka mlango. Akageuza debe akalikalia nje, ukutani, na kwa siku tatu alikuwa anamenya viazi na kumpikia mama yake supu. Mke wa kaka yake ndiye aliyeiingiza. Chakula kiliingia, mpishi hakuingia. Hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie.

Tulifika na Fadha mwendo wa saa nne asubuhi. Nyambura aliinuka, akanishika mkono wa sweta. Alikuwa amekonda. Akasema, "Felista, ukitoka huko uniambie kama amenisamehe. Sitaki mengine. Ndiyo ama hapana." Nilimfinya mkono nikaingia.

Yaliyosemwa kabla Fadha hajainua mkono kutoa ondoleo hamtayasikia, wala jiwe la kaburi langu halitayasikia. Akamwondolea, akampaka mafuta, akampa Komunyo. Tukasali sala ya mwisho. Fadha akavua stola, ule utepe wa shingoni anaouvaa akiungamisha, akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka upesi kuwasha gari kabla mvua haijashuka, maana lilikuwa gari kuukuu, lisipoondoka kwenye mteremko likiwa kavu haliondoki tena. Kule Kesses kulikuwa na mgonjwa mwingine anatungoja.

Nilibaki kumfunika Cucu blanketi. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akaniambia, "Mwite Nyambura aingie. Nataka kumtemea mate mikononi."

Nyinyi vijana wa mjini mtakunja pua. Mate ya mzazi ni baraka, kwao na kwetu pia. Mzazi anatema kidogo tu, zaidi ni pumzi kuliko mate, kwenye viganja vya mtoto, na mtoto anajipaka. Mtoto aliyefanyiwa hivyo anaenda popote duniani akijua amefunguliwa njia. Asiyefanyiwa, hata akijenga ghorofa, kuna mahali ndani yake pana baridi.

Fadha akapiga honi. Nikatoka. Kutoka kitandani hadi pale alipokuwa Nyambura ni hatua sita, nimezipima kichwani mara nyingi. Alikuwa amesimama, kisu mkono mmoja, kiazi nusu mkono wa pili.

"Amesema nini?"

"Sijui," nikasema.

"Hata ndiyo ama hapana?"

"Sijui, Nyambura."

Nikapanda gari.

Natamani ningewaambia nilisahau. Sikusahau. Kichwani mwangu, kila kitu kilichosemwa chumbani mle tangu stola ilipovaliwa kilikuwa kitambaa kimoja, na nikivuta uzi wowote nguo yote itafumuka. Niliona kwamba nikimwita aingie, nimemwambia amesamehewa, na nikimwambia amesamehewa, nimetoa siri. Nilikuwa na kiburi pia, nikiri. Nilijiona mkalimani hodari, chuma, hata rafiki yangu wa damu akilia mimi sipindi. Na Fadha mwenyewe nisingeweza kumuuliza, kwa sababu yaliyopita pale hata sisi wawili hatukuruhusiwa kuyazungumza tukishatoka. Basi tulienda Kesses tukiongea juu ya matairi. Njia nzima, matairi.

Cucu alikufa siku iliyofuata, alasiri.

Baada ya mazishi, watu wakianza kutawanyika, Nyambura alinijia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, "Ulikuwa pale. Hicho Kikuyu unachojivunia ulikinyonya jikoni kwa mama yangu, mimi nikikutolea majibu. Niambie." Nikasema sijui, mara ya tatu. Akanitazama, kisha akasema, "Basi hata mimi usinijue." Akaenda zake Soy.

Miaka ishirini na sita, watoto wangu. Nilioza watoto, nikapata wajukuu, nikafiwa, na kila mara nilipopata jambo la kuchekesha niligeuza kichwa kumtafuta wa kumwambia. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani, na Misa ndiyo ilikuwa mahali pake pa kukianzisha. Alikuwa ananigonga kiwiko wakati wa mahubiri mpaka naomba Mungu aniue hapohapo. Fadha Benedikto alirudi kwao, na huko akafariki. Burnt Forest yetu ikaona iliyoyaona katika ghasia za uchaguzi, nyumba ya Cucu ikabaki msingi, mimi nikahamia hapa Eldoret kwa mwanangu. Nilisikia Nyambura yuko salama Soy. Soy si mbali! Ukitoka hapa na chai ya asubuhi, unafika kabla haijakutoka. Sikwenda. Nilijiambia sina cha kumpelekea. Sokoni nikisikia mama wa makamo anaongea Kikuyu kwa sauti nyembamba, bado nilikuwa nasimama, viazi mkononi, mpaka muuzaji aniulize kama nanunua ama natazama tu.

Mwaka jana parokia ilituita semina, sisi makatekista na wafanyakazi waliostaafu. Nadhani walitaka kututoa tu nyumbani. Akaja padri kijana anayefundisha maadili seminarini, akachora ubaoni. Akasema siri si za aina moja. Kuna siri ya asili: umejua aibu ya mtu, hukuahidi chochote, lakini kuitoa kutamuumiza bure, basi nyamaza. Kuna siri ya ahadi, uliyoijua kwanza kisha ukaapa kunyamaza. Kuna siri ya kukabidhiwa, kama ya daktari au wakili, uliyoambiwa kwa sababu ya kazi yako. Hizo ni nzito, lakini kuna siku zinaweza kufunguka, kwa mfano mtu asiye na hatia akiwa anaelekea kuangamia. Halafu akachora duara peke yake, akaandika: muhuri wa kitubio. Huo haufunguki, hata kuokoa maisha.

Mzee mmoja nyuma alikuwa ameshalala. Mimi nilikuwa macho kuliko siku ya harusi yangu. Nikainua mkono.

"Fadha, kuna mtu fulani alikuwa mkalimani."

"Huyo mtu fulani," akasema, "ana sweta ya kijani kama yako?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini mkono sikuushusha. Akaona. Akasema tuongee nje wakati wa chai. Pale nje, mimi sikutaja mtu wala kijiji. Nilimwuliza tu: mgonjwa ameshaondolewa dhambi, sala imekwisha, padri ameshatoka, mgonjwa akamshika mkalimani akamwambia, mwite fulani aingie. Hiyo iko ndani ya duara?

"Alikuwa anamwambia Mungu, ama anamwambia mkalimani?"

"Mkalimani. Alimshika mkono."

"Na alitaka jambo hilo lijulikane ama lifichwe?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza hata siku moja.

"Mama," akasema polepole, "hiyo si siri hata kidogo. Hiyo ni barua. Mtu huyo amekaa na barua ya mtu mwingine."

Nikamwambia, "Lakini ukimwita aingie, si umetangaza?" Akasema kuitwa na mama hakumwambii mtoto kilichosemwa kwa padri. Mama anaweza kumwita mtoto kwa sababu elfu. Na mimi kumjibu "sijui" mtu aliyeandikiwa barua ile, hiyo haikuwa tena ile "sijui" safi ya Fadha Benedikto. Ulikuwa uongo, na uongo unaohitaji kitubio. Nikaungama hapohapo, chini ya mabati ya jiko la parokia, wenzangu wakinywa chai. Yeye aliniambia toba yangu itakuwa nini, na mngebahatisha bila kusomea maadili.

Kwa hiyo shikeni hili, nyinyi wenye mikono ya kusema. Kabla hujanyamaza, jiulize kitu hiki ni cha nani na alitaka kiende wapi. Muhuri ulindeni kwa damu yenu, sibadilishi hata nukta. Lakini ukiambiwa "mwambie fulani", ukanyamaza ukijiita mtakatifu, umemwibia.

Nilienda Soy Jumamosi iliyofuata semina ile. Nyambura alikuwa ametandaza mahindi kwenye turubai, anayageuza kwa miguu, sketi ameikunja kiunoni. Amezeeka, na mimi pia. Alinitambua nikiwa bado langoni, miguu yake ikasimama. Hakusema karibu.

Nilisalimia. Sikuketi. Nilimwambia kwa Kikuyu, kile cha jikoni kwao, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza. "Siku ile, Fadha akiwa ameshatoka, mama yako alinishika mkono. Alisema: Mwite Nyambura aingie. Nataka kumtemea mate mikononi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi pia, nilikuwa na leso mbili. Aliketi chini pale katikati ya mahindi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Kisha akasema kitu ambacho katika miaka yote ile, mimi na ujinga wangu, hakikunijia hata ndotoni.

"Kwa hiyo yeye aliniita," akasema. "Aliniita, na akaangalia mlango. Na mimi sikuingia."

Akaokota punje moja, akaiweka chini tena.

"Alikufa akijua nilikataa, Felista."

Mimi miaka yote nilimhurumia Nyambura kwa kutojua. Sikuwahi kumfikiria Cucu kitandani usiku ule na asubuhi ile, akisikiliza kisu kikimenya viazi ng'ambo ya ukuta, akingoja. Nilipiga magoti kwenye mahindi nikamwambia nisamehe. Hakunijibu hilo. Mpaka leo hajanijibu, na sijamwuliza tena.

Baada ya muda alijifuta uso kwa upindo wa sketi, akainyoosha mikono yake mbele yangu, viganja juu. Ilikuwa na vumbi la mahindi.

"Basi fanya," akasema.

Nikarudi nyuma. "Siwezi, Nyambura. Sisi ni rika moja. Mimi si mzazi wako, mate yangu hayana kitu."

"Nani ametaka ya kwako? Wewe ni mkalimani. Alikupa, leta."

Nikajaribu. Mdomo ulikuwa mkavu kama lile vumbi la mahindi viganjani mwake, hakuna kilichotoka. Nikafunga mdomo, nikangoja. Naye akangoja, mikono haikushuka. Nikajaribu tena, na kikaja kidogo, zaidi ni pumzi.

Alijipaka usoni, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevuni, kisha akafumba macho na kugeuza uso upande ule ambako Burnt Forest iko.

"Nimeingia, Mama," akasema.

Hayo hayakuwa yangu, nikanyamaza.